Mfamasia Mmoja, Vitanda Arobaini: Nani Aonwe Kwanza?

Mfamasia wa kliniki ni yule anayetoka kwenye dirisha la dawa na kuingia wodini, akasoma faili la mgonjwa, akatazama majibu ya maabara, akauliza kwa nini dawa hii, kwa nini dozi hii, kwa nini leo. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki wafamasia wa aina hiyo bado ni wachache mno ukilinganisha na vitanda. Maswali yanayofuata ni ya madaktari, wauguzi, wasimamizi wa hospitali na ndugu wa wagonjwa, na yote yanazunguka jambo moja gumu: ikiwa hawezi kuwafikia wote, aanze na nani?

Swali: Kwani ni lazima kuchagua? Kwa nini asipite kitanda hadi kitanda kama madaktari wanavyofanya raundi?

Jibu: Tupige hesabu kwanza. Kupitia dawa za mgonjwa mmoja kwa uangalifu ni kusoma faili, kulinganisha alichoandikiwa hapa na alichokuwa akimeza nyumbani, kutazama majibu ya maabara, kuzungumza naye au na anayemuuguza, na ikibidi kumtafuta daktari aliyeandika. Hiyo ni robo saa kwa uchache. Wodi ya wagonjwa 40 itahitaji saa 10 mfululizo, na mfamasia huyo huyo ana wodi nyingine zinazomsubiri, ana stoo, ana zamu ya dirishani. Anayepita kitanda hadi kitanda atafika cha 12 au cha 15, jua litamchwea, na kesho yake watakuwapo wagonjwa wapya. Huyo naye amechagua. Ameachia namba za vitanda zimchagulie, na namba ya kitanda haijui nani anadungwa insulini na nani anameza vidonge vya vitamini.

Wapo wanaochagua kwa namna nyingine: wanasubiri kuitwa. Daktari akiwa na shaka atapiga simu, muuguzi akiona jambo atatuma mtu. Huo ni utaratibu mzuri na usiachwe kamwe. Ila anayeita ni yule aliyekwisha kuliona tatizo. Makosa ya dawa yanayoumiza watu ni hasa yale ambayo aliyeandika aliyaona sawa, aliyetoa dawa akayaona sawa, na mgonjwa mwenyewe hakuwa na namna ya kujua. Kwa hiyo siwaombi wafamasia waanze kuchagua. Wanachagua kila siku. Ninachodai ni kwamba uchaguzi huo uwe na kipimo kinachoweza kutajwa kwa sauti mbele ya wengine, na kipimo chenyewe kiwe hiki: ni mgonjwa yupi ambaye mfamasia akimfikia leo kuna kitu kitaokoka, na akichelewa hadi kesho hakitaokoka tena?

Swali: Kila aliyelazwa anatumia dawa, na kila dawa ina madhara yake. Hatari si imetapakaa kwa wote?

Jibu: Imetapakaa, lakini si sawasawa. Mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Munir Pirmohamed wa Liverpool walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa 18,820 waliolazwa katika hospitali mbili za eneo la Merseyside, Uingereza. Waliolazwa kwa sababu inayohusiana na madhara ya dawa walikuwa asilimia 6.5. Dawa zilizoongoza hazikuwa mpya wala za ajabu: aspirini ya dozi ndogo, dawa za kuongeza mkojo, warfarini, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Mwaka 2007 Howard na wenzake walikusanya tafiti kadhaa za namna hiyo na kukuta kwamba makundi hayo manne, yaani dawa zinazozuia chembe sahani za damu kushikana, za mkojo, za maumivu na za kuzuia damu kuganda, yalibeba zaidi ya nusu ya kulazwa kote kulikoweza kuepukika. Makundi manne, kati ya dawa nyingi zilizojaa makabatini.

Ukiingia wodini hali ni hiyo hiyo. Utafiti wa EQUIP, uliofanyika katika hospitali 19 za kaskazini magharibi mwa Uingereza na kutolewa mwaka 2009, ulikagua maagizo ya dawa zaidi ya 124,000 na kukuta kosa katika asilimia 8.9. Namba hiyo hunukuliwa sana. Inayonukuliwa kwa nadra ni kwamba makosa yaliyoweza kuua yalikuwa chini ya asilimia 2 ya makosa yote. Mengi zaidi yalikuwa madogo au ya kati. Sitetei kosa lolote, hata la tarehe isiyoandikwa. Lakini mfamasia anayemaliza asubuhi nzima akirekebisha tarehe na saini katika mafaili 15 anaweza kuondoka na daftari lililojaa kazi, na huku kitanda cha 31 kuna mtu anatokwa damu tumboni bila yeyote kujua. Daftari lililojaa halituambii kama aliyestahili kuonwa alionwa.

Swali: Kama ni hivyo, si aanze na mahututi? Wao ndio walio karibu na kifo.

Jibu: Jibu hili linavutia, na lina ushahidi nyuma yake. Mwaka 1999 Lucian Leape na wenzake walieleza kilichotokea mfamasia mwandamizi alipojiunga na raundi za asubuhi katika wodi ya wagonjwa mahututi ya Massachusetts General Hospital, Boston. Madhara ya dawa yaliyotokana na maagizo na yaliyoweza kuzuilika yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, upungufu wa asilimia 66, na karibu kila pendekezo lake lilikubaliwa na madaktari. Tukisoma vizuri, hata hivyo, tunaona kwamba mfamasia yule alikuwapo dawa zikiwa zinaamuliwa. Neno lake lilisikika kabla kalamu haijagusa karatasi. Ninavyouelewa utafiti ule, kilichozaa matunda ni kufika wakati neno bado lina nguvu, kwa wagonjwa ambao dawa zao zilikuwa zikibadilishwa kila siku.

Ukali wa ugonjwa na hatari ya dawa ni vitu viwili. Mchukue mama wa miaka 68, kilo 45, aliyelazwa wodi ya kawaida kwa mguu uliovimba. Damu imeganda kwenye mshipa. Ameandikiwa enoksaparini, miligramu moja kwa kila kilo, kila baada ya saa 12, kama mwongozo unavyosema. Majibu ya figo yanarudi: kreatinini 120. Kwenye karatasi ya maabara namba hiyo imepita kiwango cha kawaida kidogo tu, na daktari mwenye wagonjwa 40 ataitupia jicho na kuendelea. Sasa iweke kwenye kanuni ya Cockcroft na Gault, inayotumika tangu mwaka 1976: 140 toa umri wake, unapata 72, zidisha kwa kilo 45, kisha kwa 1.04 kwa kuwa ni mwanamke. Gawanya kwa 120. Unapata 28. Figo zake zinasafisha mililita 28 tu kwa dakika. Chini ya 30, dozi hiyo hutolewa mara moja kwa siku badala ya mara mbili, na kama ana kisukari na anameza metformini, metformini inasimamishwa. Mama huyu hana mashine inayolia kando yake. Anakula, anaongea, anauliza ataruhusiwa lini. Kwa macho ya anayepita, yeye ndiye mwenye nafuu kuliko wote wodini. Kwa kipimo nilichotaja, ndiye wa kwanza kuonwa, tena kabla ya sindano ya jioni.

Na kinyume chake ni kweli. Mgonjwa mahututi ambaye timu nzima imekaa kando yake asubuhi hii, ikapanga kila dawa yake ikiwa na majibu mapya ya maabara mkononi, huenda asipate jipya kutoka kwa robo saa nyingine ya mfamasia. Kumwacha kwa saa chache si kumdharau.

Swali: Basi mfamasia atazame ishara gani?

Jibu: Mimi huzipanga tatu: dawa, mwili na safari. Moja ikijitokeza, mgonjwa anaangaliwa. Mbili zikikutana, anapanda juu. Zote tatu zikiwa kwa mtu mmoja, hapaswi kulala bila kuonwa.

Kuhusu dawa, Shirika la Afya Duniani limekwisha kuzitaja zinazobeba hatari kubwa: baadhi ya dawa za kuua vijidudu, potasiamu na chumvi nyingine za mshipani, insulini, morfini na jamaa zake pamoja na dawa za usingizi, dawa za saratani, na zile za kuzuia damu kuganda. Katika wodi zetu naongeza magnesi ya kifafa cha mimba na dawa za kifafa kama fenitoini. Hizi zina nafasi finyu sana kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru. Kuhusu mwili, tazama figo, ini, uzito na ncha mbili za umri, yaani mtoto mchanga na mzee. Mfano wa mama wa kilo 45 unatosha kuonyesha jinsi mwili unavyoibadilisha dawa ile ile.

Safari ndiyo inayosahaulika. Mgonjwa anapoingia hospitali, anapohamishwa wodi, na anaporuhusiwa kwenda nyumbani, dawa zake huandikwa upya, na kila kuandikwa upya ni nafasi ya kitu kudondoka. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unataka ndani ya saa 24 dawa za aliyelazwa zilinganishwe na alizokuwa akitumia. Kwetu safari hiyo ina kona yake ya pekee. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI huchukua dawa kliniki yenye kadi yake na faili lake. Akilazwa kwa nimonia, wodi inamfungulia faili jingine. Siku ya tatu makohozi yanaonyesha kifua kikuu, anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini inalifanya ini liimeng'enye dolutegraviri, dawa yake ya virusi kutoka kliniki, haraka kuliko kawaida, kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku hakitoshi tena. Anahitaji miligramu 50 nyingine baada ya saa 12. Ni kidonge kimoja tu cha kuongeza. Anayejua habari ya kifua kikuu yuko wodini, anayejua habari ya dolutegraviri yuko kliniki, na mgonjwa yuko katikati akimeza anachopewa. Mfamasia akifika siku hiyo ya tatu, tatizo linakwisha kwa dakika kumi. Asipofika, litaonekana miezi baadaye, virusi vikiwa vimepanda.

Nina ishara ya nne, ambayo sijaiona ikipewa uzito wa kutosha: mabadiliko ya stoo. Chukua mtoto mchanga wa kilo 2.4 anayestahili gentamisini miligramu 5 kwa kilo, jumla miligramu 12. Ampuli zilizozoeleka wodini ni za miligramu 20 katika mililita 2, kwa hiyo muuguzi huvuta mililita 1.2, mkono wake umezoea mstari ule kwenye sindano. Wiki hii zimekwisha, zimeletwa ampuli za miligramu 80 katika mililita 2 hizo hizo. Umbo halitofautiani sana, maji ndani ni yale yale kwa macho. Akivuta mililita 1.2 kama jana, mtoto atapata miligramu 48, mara nne ya dozi yake, dawa inayoweza kuharibu figo na kusikia. Kiasi sahihi sasa ni mililita 0.3. Hakuna alama ya umri wala hesabu ya idadi ya dawa itakayoitambua hatari hii. Anayeijua ni mtu wa famasi, kwa sababu ndiye aliyepokea boksi. Siku boksi hilo linapopelekwa wodini, watoto wote wachanga wanaotumia gentamisini wawe mbele ya orodha.

Swali: Nchi nyingine zina fomu za alama tayari. Si tuzichukue tu tuanze kazi?

Jibu: Zichukuliwe kama mwalimu, zisichukuliwe kama sheria. Denmark wana MERIS, Uingereza wana MOAT, na nyingine zipo. MOAT ilijengwa kwa uangalifu mkubwa: Cathy Geeson na wenzake walichambua kulazwa mara 1,503 katika hospitali mbili za Uingereza na kukuta kwamba asilimia 40.6 walipata tatizo la dawa la kadiri au kubwa lililoweza kuzuilika. Lakini walipopima uwezo wa fomu yao kumtofautisha mwenye hatari na asiye nayo, walipata 0.66, kwenye kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha shilingi na 1 ni kujua kila kitu. Inasaidia. Haitoshi kuitegemea ukafumba macho. Fomu ya namna hii huhesabu idadi ya dawa, umri, dawa hatari, figo. Haina namna ya kujua kwamba ndugu alimbadilishia mgonjwa chupa nyumbani, au kwamba ampuli zimebadilika.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Fomu hubeba ndani yake wodi ilikozaliwa. Afrika Kusini, Johannes Mouton na wenzake walichunguza vifo katika wodi za magonjwa ya ndani za hospitali nne na kuchapisha matokeo mwaka 2015: asilimia 16 ya vifo vilihusiana na madhara ya dawa. Zilizotajwa zaidi zilikuwa tenofoviri, rifampisini na kotrimoksazoli, dawa za UKIMWI na kifua kikuu. Linganisha na ile orodha ya Merseyside ya aspirini na warfarini. Waliona pia kwamba asilimia 43 ya vifo hivyo vingeweza kuzuilika. Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Hospitali ya Mulago, Kampala, ulifuatilia wagonjwa 762, na takriban robo yao walipata wakiwa hospitalini athari iliyoshukiwa kutokana na dawa. Tukichukua fomu ya Ulaya bila kuigusa, mgonjwa mwenye tenofoviri na figo zinazodhoofika atapata alama ndogo, kwa sababu tu waliotunga fomu walimwona kwa nadra. Hospitali yenye fomu za taarifa za madhara ya dawa na daftari la vifo inaweza kuandika orodha yake ya dawa kumi za kuogopwa ndani ya wiki moja, na orodha hiyo itakuwa bora kuliko ya kuazima.

Swali: Mfamasia mzoefu hujua kwa jicho. Orodha ni ya nini?

Jibu: Jicho la mzoefu ni hazina, na liwe na haki ya kumpandisha mgonjwa yeyote. Lakini haliko zamu usiku, huenda likizo, na halirithishwi kwa mfamasia aliyemaliza chuo mwezi uliopita. Tena hata jicho zuri haliwezi kuona faili ambalo halijafunguliwa.

Swali: Kuna tafiti kubwa zilizoonyesha kwamba mfamasia kupitia dawa hakupunguzi watu kurudi hospitali. Kwa nini basi tuhangaike?

Jibu: Swali hili linastahili kujibiwa bila kukwepa. Mwaka 2009 Uppsala, Sweden, Ulrika Gillespie na wenzake walionyesha matokeo mazuri sana kwa wagonjwa 368 wa miaka 80 na zaidi: ziara za hospitali zilipungua asilimia 16, na kulazwa tena kwa sababu ya dawa kukapungua asilimia 80. Wengi tulifurahi. Kisha zikaja tafiti kubwa zaidi. OPERAM, iliyochapishwa mwaka 2021, ilihusisha wagonjwa 2,008 wa miaka 70 na zaidi katika nchi nne za Ulaya. Waliolazwa tena kwa sababu ya dawa walikuwa asilimia 21.9 upande uliopitiwa dawa na 22.4 upande wa pili, tofauti isiyo na maana. Mwaka huo huo MedBridge ya Sweden, yenye wagonjwa 2,637, nayo haikuona ziara za dharura zikipungua. Anayetetea ufamasia wa kliniki kwa kuutaja utafiti wa kwanza na kuzificha hizi mbili hasemi ukweli wote.

Ninavyozisoma, hazisemi kwamba kupitia dawa hakuna kazi. Zinasema kwamba kumpitia kila mzee mwenye dawa nyingi, kisha kutarajia matunda yaonekane mwaka mzima baadaye nyumbani kwake, hakutoi matunda ya kutosha. OPERAM iliwachukua wenye umri mkubwa, magonjwa sugu kadhaa na dawa tano au zaidi. Vigezo hivyo vinaeleza nani anatumia dawa nyingi. Havielezi nani ana tatizo linalorekebishika leo. Na mapendekezo mengi hayakutekelezwa: karibu wagonjwa wanne katika kila kumi hawakuwa wametekelezewa hata pendekezo moja baada ya miezi miwili. Weka kando ya hayo Boston, ambako neno la mfamasia lilitekelezwa papo hapo. Kwangu tafiti hizi ndizo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuchagua vizuri zaidi. Mama wa kilo 45 hahitaji tungoje mwaka mmoja kujua kama amesaidiwa. Tutajua ndani ya siku tatu, kwa yeye kutotokwa damu.

Swali: Huu si ubaguzi? Aliye chini ya orodha naye amelipa, naye ni binadamu. Na kwa nini serikali isiajiri wafamasia zaidi?

Jibu: Iajiri. Nalisema hili kwa uzito wote: orodha ya vipaumbele isitumiwe na msimamizi yeyote kama sababu ya kuridhika na mfamasia mmoja kwa vitanda 120. Ikiandikwa vizuri, orodha hiyo itamsaidia kudai watu zaidi, maana kila jioni itaonyesha kwa namba ni wagonjwa wangapi wa ngazi ya juu hawakufikiwa. Lakini hata hospitali tajiri huchagua. MOAT, tuliyoitaja, imetoka katika nchi yenye wafamasia wengi kutushinda, na bado waliona haja ya kujua waanzie wapi.

Kuhusu haki, wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali tangu mlangoni, kwenye chumba cha dharura, na hakuna anayesema mwenye jeraha la kidole amebaguliwa kwa kutanguliwa na aliyepigwa na gari. Ubaguzi ungekuwa kumtanguliza mwenye cheo, mwenye sauti kubwa, au aliyelala karibu na mlango. Aliye chini ya orodha ana haki tatu zisizopunguzwa: dawa zake zikaguliwe famasini kabla ya kutolewa, aweze kuomba kuonana na mfamasia, na ngazi yake ipitiwe upya kila siku. Haki ya tatu ni muhimu sana. Mtu wa ngazi ya chini asubuhi anaweza kuwa wa juu alasiri, majibu ya figo yakirudi au akiongezewa dawa moja.

Swali: Asubuhi ya kawaida inakuwaje? Na sisi wengine tunaingia wapi?

Jibu: Kabla ya saa mbili unusu asubuhi mfamasia apate mambo matatu. La kwanza ni neno la muuguzi wa zamu ya usiku: nani amelazwa, nani amebadilika, nani ameanza dawa ya mshipani. Maswali matano ya ndiyo au hapana yanatosha, na muuguzi aulizwe kama mwenzake wa kazi, maana usiku ule yeye ndiye aliyekuwapo. La pili ni majibu ya maabara ya jana. Palipo na mfumo wa kompyuta kama GoTHOMIS ya Tanzania, majibu ya kreatinini na orodha ya dawa yanaweza kutolewa pamoja, na pasipo na mfumo, daftari la maabara linasomeka kwa dakika kumi. La tatu ni taarifa ya stoo. Mteknolojia dawa aliyefundishwa anaweza kuiandaa orodha hii yote, ili mfamasia aingie wodini akiwa na majina nane au kumi ya kuonwa kabla ya raundi kwisha, mengine kabla ya jioni, na yaliyobaki yakisubiri bila hatari.

Ndugu wa mgonjwa wana nafasi kubwa kuliko wanavyodhani. Njoo na dawa zote za nyumbani katika mfuko mmoja, zikiwa na paketi zake: za hospitali, za duka la dawa, na mitishamba pia. Usiifiche mitishamba kwa kuogopa kugombezwa. Mfamasia anataka kujua, hataki kuhukumu. Dakika tano za mfuko huo kitandani mara nyingi humweleza mambo ambayo faili halina.

Swali: Mtajuaje kama orodha inafanya kazi, na si karatasi nyingine tu ya kujaza?

Jibu: Kwa kuitilia shaka kila wiki. Ijumaa, mfamasia achague wagonjwa watano wa ngazi ya chini kwa bahati nasibu, na awapitie kwa ukamilifu kana kwamba walikuwa wa juu. Asipokuta jambo zito, vizuri. Akikuta, asimlaumu mtu. Aulize ni ishara gani ilikuwepo ambayo orodha haikuiona, na aiandike. Kisha afanye hivyo hivyo upande wa pili: kati ya waliowekwa juu, wangapi walibadilishiwa kitu? Kama kwa wiki nne mfululizo kila mwenye paracetamoli ya mshipani amewekwa juu na hakuna hata mmoja aliyerekebishiwa chochote, kigezo hicho kinakula muda wa mtu mwingine, na kiondolewe. Baada ya miezi mitatu orodha ya wodi ya watoto haitafanana tena na ya wodi ya wazazi, na ya hospitali ya Mwanza haitafanana na ya Mombasa. Wakati huo namba ya kuandika kwenye ripoti ya mwezi, badala ya idadi ya mafaili yaliyofunguliwa, iwe hii: waliostahili kuonwa siku hiyo walikuwa wangapi, na kati yao walioonwa kabla dozi inayofuata haijatolewa ni wangapi.